Kijana wangu anaandika bongofleva ila mashairi hataki

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mama naishi Ujiji, kijana wangu yuko kidato cha pili, nyimbo za bongofleva anaandika mpaka daftari la hesabu limejaa upande wa nyuma, ila akipewa shairi shuleni anasema hayo ya wazee yanaboa. Natamani asome mashairi na atunge, nianzie wapi bila kumlazimisha?
Mama K., Ujiji

JIBU: Shikamoo mama. Kwanza hilo daftari usimnyang'anye, maana huyo kijana ameshaanza kutunga, vina, yaani zile silabi zinazofanana mwishoni, anavitafuta mwenyewe bila kuambiwa na mtu, kilichobaki ni ajue kwamba kazi hiyo ina wenyewe na wengine wametoka hapohapo kwenu. Sheikh Kaluta Amri Abedi kazaliwa Ujiji, akaja kuwa meya wa Dar es Salaam alafu waziri, na ndo aliyeandika Sheria za Kutunga Mashairi kilichotoka 1954, mpaka leo wanaosoma ushairi wanakirudia. Saadani Kandoro naye wa Ujiji, huku anapigania uhuru na TANU huku anatunga. Inaniuma sana mtoto wa Ujiji kumaliza shule anamjua Sheikh Amri kwa uwanja wa mpira wa Arusha tu.

Shuleni tatizo naliona hivi, shairi linaletwa limekaa kimya kwenye karatasi, mtoto anaulizwa taja bahari (yaani aina ya shairi), taja kibwagizo, hesabu mizani (idadi ya silabi), wakati hajalisikia likighaniwa hata mara moja. Mashairi yetu ni ya mdomo na sikio jamani! Mwambie alisome kwa sauti, ajirekodi kwenye simu, alitie mahadhi anayotaka yeye, hata kwenye biti ya bongofleva sawa tu. Akighani mizani ataisikia mwenyewe, silabi moja ikipungua ulimi unajikwaa. Mpe hii nimeitunga sasa hivi:

Nimeamka Ujiji, jua halijachomoza,
Karabai kwenye maji, zimebaki kuangaza,

Kila kipande silabi 8, mshororo (mstari) mzima 16, kina cha kati ji, cha mwisho za. Kwenye "nimeamka" ile m inahesabiwa peke yake, ni-me-a-m-ka, vijana wengi wanapotelea hapo.

Alafu atafute mwenzie wa kujibizana nae, huyu anauliza kwa ubeti yule anajibu kwa vina vilevile, hata kwa wasap inawezekana. Kutunga peke yako bila msomaji kunakatisha tamaa haraka, ndo maana zamani gazeti la Mambo Leo lilikuwa linachapa mashairi ya wasomaji na watu wanajibizana humo.

Akigoma vina kabisa kuna Kichomi cha Kezilahabi, 1974, mashairi huru yasiyofuata vina na mizani. Ila mimi ningeanza na vina kwa sababu ndivyo anavyovipenda tayari kwenye nyimbo zake. Na akishaiva ajue kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ushairi umo.

Huo ubeti wangu nimeuachia mishororo miwili makusudi, tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, inataka minne. Amalizie yeye, na vijana wengine wa Kigoma na Tabora mnaosoma hapa malizieni pia mtutumie, toleo lijalo tutachapa zitakazotupendeza.