Usiishie Kuosha Chupa: Andika Mapishi ya Bia Yako

Kwenye makundi ya wapika bia wa nyumbani niliyopitia, mara nyingi kazi zilikuwa zimeshagawanywa kabla sijafika: wanaume wanabishana kuhusu mapishi, wanawake wanaosha chupa. Usafi wa vyombo siudharau hata kidogo, maana bila huo hakuna bia. Ila anayeosha bila kuamua ladha anahudumia bia ya mtu mwingine. Kwa hiyo, dada uliyekwisha kuzijua hatua za kupika, andika mapishi yako.

Wala usiombe ruhusa. Utenzi wa Wasumeri, watu wa kale wa Iraki ya leo, wa karibu mwaka 1800 kabla ya Kristo, unaosimulia upishi wa bia, unamsifu Ninkasi, mungu wa kike wa bia. Hildegard wa Bingen, mtawa wa Ujerumani wa karne ya 12, aliandika kwamba hopsi, maua ya mmea yanayotiwa kwenye bia, huzuia vinywaji visiharibike upesi. Anayekwambia umevamia uwanja wa wanaume amechelewa mno.

Anza na kidogo. Mapishi mengi huandikwa kwa lita 20, na sufuria ya lita 20 zinazochemka ni hatari kwa yeyote anayeinua peke yake. Mimi hupenda lita 5: nainua mwenyewe, inapoa haraka kwenye beseni la barafu, na jaribio likienda kombo hasara ni ndogo. Chukua kilo 1.2 za kimea cheupe cha shayiri kilichoparazwa, ukiloweke saa moja kwenye maji ya nyuzi 66 za sentigredi. Chuja, suuza kimea kwa maji ya moto, kisha chemsha maji yote ya kimea uliyoyachuja kwa saa moja. Tia hopsi gramu 8 yanapoanza kuchemka na gramu 8 nyingine dakika tano kabla ya kuepua. Poza hadi nyuzi 20, mimina kwenye chombo kilichotakaswa, tia hamira ya ale (bia inayochachuka kwenye joto la chumba), funga kwa kifuniko chenye njia ya kutolea gesi.

Kimea kimoja, hopsi za aina moja. Najua utatamani kutia asali, tangawizi na maganda ya chungwa siku hiyohiyo. Ngoja kwanza. Bia yenye vitu saba haikwambii kipi kimefanya nini.

Kutoka hapo badilisha jambo moja kila unapopika. Mimi naona joto la kuloweka ndilo linalofundisha zaidi. Kwenye nyuzi 64 vimeng'enya vya kimea, vinavyogeuza wanga kuwa sukari, huzalisha sukari nyingi ambayo hamira huweza kuila, na bia hutoka kavu, yaani bila utamu, nyepesi mdomoni. Kwenye nyuzi 69 sukari isiyolika hubaki nyingi, bia ikawa nzito. Kimea kilekile, bia mbili. Hopsi nazo zina tabia yake: zikichemka muda mrefu hutoa uchungu na kupoteza harufu, zikiingia mwishoni harufu hubaki. Hamira wengi huisahau, ingawa baadhi ya hamira za bia ya ngano ya Kijerumani zenyewe hutoa harufu ya ndizi na karafuu bila vitu hivyo kutiwa.

Kabla ya kuandika chochote, tafuna punje ya kimea. Sugua hopsi viganjani unuse. Andika unachokisikia kwa maneno yako, hata kama ni "harufu ya nyasi iliyonyeshewa". Lugha ya majaji wa mashindano utaikuta baadaye ukiitaka.

Kuna kitu kingine kitakachokujia, nami nimekisikia hadi nikachoka: kwamba bia ya mwanamke iwe tamu, iwe ya matunda, iwe na rangi ya kupendeza. Kama ndiyo unayoipenda, ipike. Mimi napenda chungu, nyeusi, yenye kimea kilichokaangwa hadi kinuke kahawa, na mapishi yangu yanafuata ulimi wangu. Ukimwonjesha mtu, usimwambie nani amepika. Usimuulize kama ni nzuri, atakusifu tu. Muulize ananusa nini, na kama angemaliza glasi.

Pima maji ya kimea kwa haidromita, kifaa kinachoonyesha uzito wake ukilinganishwa na maji matupu, kabla ya kutia hamira na baada ya kuchachuka. Yakianza 1.050 na kuishia 1.012, zidisha tofauti kwa 131: kileo ni karibu asilimia 5. Usijaze chupa mpaka kipimo kikae palepale siku kadhaa mfululizo, kwa sababu sukari iliyobaki huweza kupasua chupa. Kisha, ili bia ipate gesi, tia gramu 6 tu za sukari kwa kila lita, funga, uache kwenye joto la kawaida wiki mbili.

Wakati huo andika mapishi ya pili. Punguza gramu 100 za kimea cheupe, weka shayiri iliyokaangwa mahali pake, na mengine yote yaache yalivyo.