Ukiugua ukiwa kwenye kongamano kisiwani

Ninyi mnaoanza kutumwa kwenye makongamano ya biashara, kuna jambo mimi sikuambiwa na mtu: ipo safari mtakayougua mkiwa huko huko. Na ikiwa ni kisiwa cha nchi za joto, nje jua linachoma, ndani kiyoyozi kinagandisha, na daktari anayekujua yuko ng'ambo ya bahari.

Mimi yalinikuta mwaka wangu wa pili kazini. Koo lilianza kuwasha usiku wa kuamkia safari, nikanyamaza. Nafasi ile ilikuwa imegombewa, na niliona aibu kumwambia bosi ninaumwa ilhali tiketi imeshakatwa. Ndege ilipoanza kushuka, masikio yaliniuma hadi machozi yakanitoka. Shinikizo la hewa ndani ya ndege iliyo angani hulingana na la mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400, na likibadilika wakati wa kushuka, kijia kinachounganisha sikio na koo kinapaswa kupitisha hewa. Mafua yakikivimbisha, hakipitishi. Siku hizi nikiwa na mafua nabeba dawa ya kupuliza puani na kuitumia kama nusu saa kabla ya kushuka. Kama sikio linauma tangu ukiwa nyumbani, mwone daktari kwanza.

Lakini kosa langu kubwa lilikuwa kuhudhuria kila kitu. Siku ya kwanza sikukosa kikao hata kimoja, na jioni nikaenda kwenye tafrija ufukweni ili nisionekane mzembe. Kesho yake alasiri nikakaa na mteja ambaye kwa hakika ndiye niliyetumwa kwa ajili yake. Sauti imekauka, kichwa kizito. Akauliza bei ya mzigo wa miezi sita, nikamtajia ya mwaka mzima. Alinisahihisha kwa upole, na ule upole uliniuma kuliko koo.

Kwa hiyo ukiamka hujisikii vizuri, chukua ratiba ujiulize: kitu gani hapa siwezi kukipata kwa barua pepe? Mara nyingi ni mikutano miwili, pengine mitatu. Nguvu zako zote ziwekee hiyo. Mada za ukumbini kwa kawaida hurekodiwa au slaidi zake hutumwa, na mwenzako atakusimulia yaliyozungumzwa pembeni. Omba mkutano wako usogezwe asubuhi, maana homa nyingi hupanda jioni, na ufanyike nje, kivulini penye upepo, ambapo si rahisi kumwambukiza mwenzako. Andika tarakimu zako kwenye karatasi. Ukiwa na homa usiamini kumbukumbu yako.

Na sema ukweli. "Samahani, nina mafua, sitakupa mkono, ila sikutaka tukose kuonana." Sijawahi kuona mtu akichukizwa na maneno hayo. Mafua makali ya influenza huambukiza tangu siku moja hivi kabla ya dalili hadi siku 5 au 7 baada ya kuanza kuumwa, kwa hiyo barakoa na kukaa mbali kidogo ni heshima kwa mwenyeji wako. Bosi naye aarifiwe mapema: "Nimeamka na homa. Nitafanya mkutano wa saa nne na ule wa kesho, mengine nimeomba fulani anishikie." Hapo umempa taarifa na mpango kwa pamoja, naye hana haja ya kuhangaika.

Kuhusu mwili wenyewe, usidharau unyevu wa hewa ya pwani. Jasho lisipokauka halipozi mwili, nawe unazidi kupoteza maji. Pakiti za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji ili kurudisha maji mwilini, ni nyepesi, weka chache begini. Ukizikosa, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, vitakufaa. Soma pia maandishi ya dawa za mafua, kwa sababu nyingi zina parasetamoli ndani yake. Ukichanganya na vidonge vya kawaida unaweza kupita gramu 4 kwa saa 24, ambacho ndicho kikomo cha mtu mzima, bila kujua. Pombe iache kabisa.

Siku ya tatu homa yangu ilipanda, nikawa nameza ibuprofeni. Daktari wa zamu aliponiona alinipokonya vile vidonge kabla hata ya kunipima. Visiwa vingi vya joto vina dengi, homa inayoenezwa na mbu, na mtu mwenye dengi akimeza ibuprofeni au aspirini yuko katika hatari zaidi ya kuvuja damu. Hadi upimwe, tumia parasetamoli pekee. Mbu wa dengi huuma mchana, hasa asubuhi na kuelekea magharibi, yaani saa zile zile tunazosimama bustanini na vikombe vya chai. Mimi nilikutwa na mafua tu. Lakini kwa mwenye dengi, sehemu ya hatari huanza homa inaposhuka na mtu kudhani amepona: tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi au pua kutoa damu. Hapo ni hospitali mara moja, na namba ya dharura ya bima ya safari iwe tayari kwenye simu, kwani si kila kisiwa kina hospitali kubwa na kuhamishwa kwa ndege ni ghali mno.

Ukisharudi bado hujamaliza. Dengi hujitokeza siku 4 hadi 10 baada ya kuumwa na mbu, malaria kuanzia siku 7 na wakati mwingine baada ya wiki kadhaa. Homa ikikushika umesharudi ofisini, ukifika kwa daktari anza kwa kumtajia kisiwa ulichokwenda na tarehe uliyoondoka, ndipo umweleze kichwa kinavyouma.