Tamthilia za Waingereza na za Wamarekani: Maswali Yenu na Majibu Yangu

Baada ya kuandika katika safu hii kwamba tamthilia nyingi za Marekani zingekuwa bora zaidi kama zingemalizwa mapema, nimepokea maswali mengi, mengine ya kuniunga mkono na mengine ya kunipinga vikali. Nimechagua saba ambayo, kwa pamoja, yanagusa kiini cha jambo lenyewe.

Bila kuzunguka, zipi ni bora: za Uingereza au za Marekani? (Msomaji, Tanga)

Tamthilia ya kawaida ya Uingereza ni bora kuliko tamthilia ya kawaida ya Marekani, lakini ukiniomba nitaje tatu bora kabisa nilizowahi kuziona, mbili zitakuwa za Marekani. Wala sioni mgongano katika kauli hizo. Mwandishi wa Uingereza mara nyingi huanza kuandika akijua hadithi yake itaishia wapi, na kwa hiyo hukosea mara chache. Mwandishi wa Marekani mara nyingi hajui ataambiwa aendelee kwa miaka mingapi. Wengi hupotea njiani, lakini wachache wanaopewa nafasi ya kutosha na kuachiwa uamuzi wa mwisho hufika mahali ambapo sehemu sita za tamthilia ya Uingereza haziwezi kumfikisha mtu.

Kwa nini Waingereza hutupa sehemu sita tu, wakati msimu wa Kimarekani una zaidi ya ishirini? (Msomaji, Arusha)

Sababu ni mbili: nani analipa, na nani ameshika kalamu. Kwa miongo mingi vituo vikubwa vya Marekani, yaani ABC, CBS, NBC na baadaye Fox, vilijaza ratiba yao kuanzia Septemba hadi Mei, na tamthilia iliyopendwa ilitakiwa kutoa sehemu 22 au zaidi kila mwaka. Ilipofikisha sehemu zipatazo 100 iliweza kuuzwa kwa vituo vidogo vya majimboni ili irudiwe kila siku, na hapo ndipo faida nono ilipopatikana. Hakuna binadamu anayeweza kuandika kiasi hicho peke yake, kwa hiyo kazi hufanywa na kundi la waandishi wanaokaa chumba kimoja na kugawana sehemu, chini ya mtayarishaji mkuu mmoja. Isitoshe, "saa moja" ya vituo hivyo ina kama dakika 42 tu za hadithi. Zinazobaki ni za matangazo ya biashara, na kabla ya kila tangazo ni lazima mlango ugongwe au bastola ichomolewe, ili mtazamaji asihamie kituo kingine. Ukishalitambua jambo hili utaliona kila usiku: muziki unapanda, kamera inasogea taratibu usoni mwa mtu, kisha giza.

BBC haionyeshi matangazo ya biashara nchini kwake. Inaendeshwa zaidi kwa ada ya leseni inayolipwa na kila kaya inayotazama televisheni, ambayo mwaka 2025 ilikuwa pauni 174.50. Fedha zake ni chache ukilinganisha na za Wamarekani, lakini saa yake ni karibu saa kamili, na mara nyingi mtu mmoja ndiye anayeandika hadithi nzima. Sally Wainwright aliandika sehemu zote 18 za Happy Valley, tamthilia ya polisi ya BBC, zilizorushwa katika miaka ya 2014, 2016 na 2023. Kati ya msimu wa pili na wa tatu aliiacha hadithi ilale kwa miaka saba, kwa sababu alitaka mtoto aliyemo humo, Ryan, awe amekua na kufikia umri wa kujiamulia mambo kuhusu baba yake mhalifu. Mwigizaji ni yuleyule, na unaona kwa macho yako kwamba amerefuka na sauti imekuwa nzito. Sijui kituo gani cha matangazo ya biashara kingekubali kusubiri hivyo kitu kinachopendwa.

Hata neno "sizoni" tunalolitumia mitaani lilitufikia pamoja na diski za tamthilia za Kimarekani kama 24 na Prison Break. Ni neno la watu ambao vipindi vyao vilifuata majira ya mwaka.

Wamarekani wakiichukua tamthilia ya Uingereza na kuitengeneza upya, huiboresha au huiharibu? (Msomaji, Mombasa)

Mfano unaofundisha zaidi ni House of Cards. Toleo la BBC lina sehemu nne, na lilianza kurushwa Novemba 1990, katika siku zilezile ambazo Waziri Mkuu Margaret Thatcher alikuwa akipigania uongozi wa chama chake. Kabla ya sehemu ya mwisho kurushwa, alikuwa ameshaondoka madarakani. Mwanzoni kabisa, Ian Richardson katika uhusika wa Francis Urquhart, mwanasiasa anayeutaka uwaziri mkuu, anaitazama picha ya Thatcher iliyo kwenye fremu, anailaza kifudifudi mezani, kisha anatugeukia na kuanza kuzungumza nasi kana kwamba sisi ni washirika wake. Ndani ya saa nne tunamwona akipanda, akisaliti na kuua, na aibu inatupata kwa sababu tulikuwa tukimshangilia. Hadithi iliendelezwa mwaka 1993 na 1995, kila mara kwa sehemu nne, ikafika mwisho wake.

Netflix ilianza toleo lake mwaka 2013 na kulifunga mwaka 2018, likiwa na sehemu 73. Nakiri kwamba misimu miwili ya kwanza ni kazi nzuri sana: picha zake ni safi, Robin Wright ni wa kutisha kwa utulivu wake, na Bunge la Marekani linaonekana kama mahali halisi pa kazi. Lakini mtu anayetaka kiti akishakipata, hadithi yake imebakiwa na anguko tu, na Netflix haikuwa tayari kwa anguko. Ikabidi atafutiwe maadui wapya mwaka baada ya mwaka, hadi msimu wa mwisho ukatengenezwa bila mhusika mkuu mwenyewe.

Broadchurch ya ITV, kituo cha Uingereza kinachoonyesha matangazo ya biashara, iliyoanza mwaka 2013, ilipata mkasa wa aina nyingine. Wamarekani waliitengeneza upya mwaka uliofuata kwa jina la Gracepoint, wakamchukua hata David Tennant aliyekuwa mpelelezi katika toleo la kwanza, wakamtaka abadilishe lafudhi. Ilidumu msimu mmoja. Walichukua kisa, lakini ule mji mdogo wa pwani ambamo muuza magazeti, kasisi na mama wa mtoto aliyeuawa wanafahamiana tangu utotoni haukuja nao.

Haki itendeke, Shameless, hadithi ya familia maskini, ilihama salama. Mwandishi wake Mwingereza, Paul Abbott, aliiweka Manchester. Toleo la Marekani likaiweka kusini mwa Chicago na kuifanya iwe ya hapo kwelikweli, na umaskini wake ukawa umaskini wa Chicago. Ajabu ni kwamba matoleo yote mawili yalifika misimu 11, na yote mawili, kwa maoni yangu, yalizidisha.

Nashindwa kuwaelewa wanavyozungumza kwenye Peaky Blinders. Je, ni mimi? (Msomaji, Muscat)

Si wewe. Ile ni lafudhi ya Birmingham, na wapo Waingereza wa London wanaohangaika nayo pia. Washa maandishi ya chini ya skrini bila kuona haya. Usitafute toleo la sauti iliyobadilishwa, kwa sababu katika tamthilia za Uingereza lafudhi humtambulisha mtu mara moja: alikozaliwa, alikosoma, na nani anamdharau.

Idris Elba ni Mwingereza, mbona tulimfahamu kupitia tamthilia ya Marekani? (Msomaji, Dar es Salaam)

Swali hili linagusa kasoro kubwa kuliko zote za tamthilia ya Uingereza, na mimi ninayeisifu sipaswi kulipita haraka. Elba alizaliwa Hackney, London, mwaka 1972, kwa baba wa Sierra Leone na mama wa Ghana. Alipata jina kubwa kuanzia mwaka 2002 katika The Wire, akiwa Stringer Bell, mfanyabiashara wa dawa za kulevya wa Baltimore, na watazamaji wengi hawakujua kwamba ile lafudhi alijifunza. Mwaka 2016 alizungumza mbele ya wabunge mjini London, akawaeleza kwamba alikwenda Marekani kwa sababu nyumbani alikuwa amefika mahali ambapo hakuona nafasi ya kupanda zaidi. David Harewood, mzaliwa wa Birmingham, naye alipata nafasi yake kubwa upande wa pili wa bahari, katika Homeland.

Nchi inayopenda sana kutengeneza hadithi za majumba ya mabwana na vijakazi wa enzi za wafalme huwaacha nje raia wake wengi, hasa weusi, hata kama mavazi ni mazuri na uigizaji hauna dosari. Mambo yamebadilika kiasi. Elba alirudi na kupewa Luther mwaka 2010. Mwaka 2020 Michaela Coel, ambaye wazazi wake walitoka Ghana, aliandika I May Destroy You, akaigiza na kushiriki kuiongoza. Alikuwa ameikataa fedha nyingi ya Netflix kwa sababu haikutaka kumwachia sehemu ya haki za kazi yake.

Je, ni kweli kwamba tamthilia ilibadilisha sheria Uingereza? (Msomaji, Kigoma)

Ni kweli. Januari 2024 ITV ilionyesha Mr Bates vs The Post Office, sehemu nne kuhusu wenye maduka walioendesha matawi ya posta na kushtakiwa kwa wizi kwa sababu mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon ulionyesha upungufu ambao haukuwapo. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Waandishi wa habari walikuwa wamelieleza jambo hilo kwa miaka, na mahakama ilikwishaukosoa mfumo huo mwaka 2019, lakini nchi ilishtuka ilipomwona mama mmoja dukani kwake, simu sikioni, akifuata maelekezo hatua kwa hatua huku upungufu kwenye skrini ukiongezeka maradufu mbele ya macho yake. Mwezi Mei mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu zile.

Nina muda mdogo. Nianze na ipi? (Msomaji, Nairobi)

Ukiwa na siku mbili, anza na Adolescence ya mwaka 2025. Ina sehemu nne, na kila sehemu imepigwa kwa mkupuo mmoja bila kukata kamera. Ni ya Waingereza kwa waandishi, waigizaji na mahali, ingawa mlipaji ni Netflix ya Marekani, na siku hizi kazi nyingi nzuri zimezaliwa kwa ndoa ya namna hiyo: hata Succession ya HBO, kituo cha kulipia cha Marekani kilichotengeneza pia The Wire, iliyojaa matajiri wa New York, ilibuniwa na Mwingereza, Jesse Armstrong.

Ukiwa na miezi miwili, tazama The Wire, sehemu 60, na usiiache kabla ya sehemu ya tatu. Humo kijana anayeitwa D'Angelo anawakuta wenzake wawili uani wakicheza kwa kete za sataranji bila kujua sheria zake, anakaa kuwafundisha. Anaeleza kwamba mfalme hubaki mfalme, na kwamba wale askari wadogo wa mbele hufa mapema. Mmoja wa wale vijana anainama juu ya ubao na kuuliza: je, huyu mdogo akifanikiwa kufika upande wa pili?

HBO iliwapa watengenezaji misimu mitano ya kulijibu swali hilo.