Kitambaa cheupe katika picha ya Millais

SWALI: Nimeona nakala ya picha ya mchoraji Mwingereza John Everett Millais ya mwaka 1852, A Huguenot. Naona wapenzi wawili wamekumbatiana bustanini, lakini maelezo yanasema wanaagana. Kuagana kuko wapi?

JIBU: Kabla ya nyuso, tazama kitambaa. Msichana, ambaye ni Mkatoliki, anamfunga kijana kitambaa cheupe mkononi. Kijana ni Mprotestanti wa Ufaransa, yaani Huguenot. Amemkumbatia, na papo hapo vidole vyake vinakivuta kitambaa kisikaze. Hapo ni Paris, Agosti 1572, sikukuu ya Mtakatifu Bartolomayo, Waprotestanti walipouawa kwa maelfu. Kitambaa kile kilikuwa alama ya Wakatoliki. Akikubali kukivaa huenda akapona. Akikataa, hawataonana tena. Jina kamili la picha linasema waziwazi kwamba amekataa.

Si wewe peke yako uliyeona mapenzi tu. Millais mwenyewe alianza na wapenzi wakinong'onezana ukutani, hadi rafiki yake, mchoraji William Holman Hunt, alipomwambia wazo hilo ni jepesi mno. Ndipo akaitafutia picha tukio la kihistoria. Ukuta, aliouchora Surrey, Uingereza, mwaka 1851, ukabaki. Kwetu sisi uzuri wa kazi hii uko hapo: hakuna upanga wala damu, mauaji yote yamebebwa na kipande cha nguo.

SWALI: Maua ya Millais na Hunt hung'aa ajabu. Nikipaka rangi zangu juu ya nyeupe mbichi kama wao, zinakuwa kama chokaa. Nakosea wapi?

JIBU: Yaelekea unakandamiza brashi, hivyo nyeupe ya chini inapanda na kuchanganyika na rangi. Hunt ameeleza njia yao, ambayo huko mashambani waliitumia hasa kwa maua. Turubai ipakwe nyeupe yenye varnishi kidogo sana, iachwe ikauke hadi iwe ngumu kama jiwe, kisha uchore mistari kwa usahihi. Asubuhi ya kazi, toa mafuta ya ziada kwenye nyeupe mpya kwa karatasi inayonyonya, tia tone la varnishi, utandaze kwa kisu sehemu ya siku hiyo tu. Tabaka liwe jembamba, mistari ionekane hafifu chini yake. Halafu gusa kwa brashi ndogo laini, kwa wepesi kabisa. Usirudie sehemu iliyokwisha kukauka: rangi ya pili huziba mwanga unaotoka chini.