Skani inasema wiki 12, mume wangu anahesabu 10

SWALI: Sista, hujambo? Nakaa Nyalenda hapa Kisumu na hii ni mimba yangu ya kwanza. Mume wangu anafanya kazi Mombasa na alifika nyumbani asubuhi ya tarehe 16 Desemba. Tarehe 26 Februari nilipigwa skani, karatasi ikaandikwa mimba ina wiki 12. Alipoisoma alichukua kalenda, akahesabu, akaniambia mimba yake haiwezi kupita wiki 10, hizo mbili za juu nimwambie nilizitoa wapi. Hedhi yangu ya mwisho ilianza tarehe 4 Desemba, na huwa haikosi siku zake. Je, mashine inaweza kukosea? Na mtoto wa umri huu amefika wapi? Mama mkwe naye ananionya nisimeze zile tembe za malaria za kliniki, eti zitamchoma mtoto tumboni.

JIBU: Dada, mashine haikukosea, na mumeo pia hesabu anaijua. Tatizo ni kwamba wameanzia tarehe tofauti.

Sisi wa kliniki huanza kuhesabu mimba tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Maana yake, wiki mbili za mwanzo tunamhesabia umri mtoto ambaye hata hajatungwa. Najua inachekesha, lakini ina sababu: damu ya hedhi mwanamke huiona na tarehe huikumbuka, ilhali siku yai linapopevuka hakuna kengele inayolia. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, yai hutoka karibu siku ya 14.

Sasa tuifungue hiyo kalenda yenu. Siku ya kwanza ni 4 Desemba, kwa hivyo siku ya 14 inaangukia 17 Desemba. Mumeo alishuka kwenye basi jana yake. Kutoka 17 Desemba hadi 26 Februari ni siku 71, wiki 10 na siku moja, vile vile anavyosema yeye. Kutoka 4 Desemba hadi tarehe hiyo hiyo ni siku 84, wiki 12 kamili, vile inavyosema skani. Niseme ukweli, skani haimtaji baba. Inachoonyesha ni kwamba tarehe zenu zinalingana na umri wa mtoto, na zinalingana vizuri sana.

Bwana mmoja aliwahi kuingia kwangu amefura, karatasi ya skani ameikunja mara nne mfukoni. Sikumhubiria. Niligeuza kitabu cha kliniki cha mkewe, nikachora mstari nyuma yake, nikautia alama 40, halafu zile mbili za kwanza nikazikata kwa kalamu. Akaangalia kwa muda. “Kwa hivyo hizi mbili ni za bure?” Nikamwambia ni za bure. Mkewe ndiye aliyecheka kwanza.

Skani ya mapema kama yako ni ya kuaminika kwa tarehe kuliko ile ya mwezi wa nane. Mapema watoto wote hukua karibu kwa mwendo mmoja, kwa hivyo fundi akimpima kutoka utosini hadi matakoni hakosei zaidi ya wiki moja. Baadaye kila mtoto huufuata mwili wake, mwingine mnene, mwingine mwembamba, na skani inaweza kupotea hata kwa wiki tatu.

Kuhusu mtoto mwenyewe: yai lilirutubishwa ndani ya mrija wa uzazi, likasafiri siku kadhaa likigawanyika, kisha likajishikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Katika wiki ya 6, na hizi ni wiki za kliniki, moyo ulianza kupiga. Wakati huo huo mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo ulikuwa unajifunga, na wanawake wengi hapo ndio kwanza wanajiuliza mbona hedhi imechelewa. Ndiyo maana tunapenda mwanamke aanze dawa ya foliki, vitamini inayosaidia mfereji huo kujifunga, kabla hata ya kushika mimba. Kama hukuwahi, usijilaumu, ila dawa za kuongeza damu ulizopewa kliniki zina foliki ndani, zimeze kila siku.

Leo ana sentimita 5 na kitu, na gramu kama 14, uzito wa vijiko vitatu vya chai vya sukari. Vidole vimeshaachana. Figo zimeanza kutoa mkojo. Kinachonishangaza mimi mpaka leo ni utumbo: hukua haraka kuliko tumbo lenyewe, kwa hivyo hukosa nafasi na kutokeza ndani ya kitovu, kisha karibu na wiki ya 12 hurudi tumboni wenyewe. Na anarukaruka sana, bila shaka ulimwona kwenye skani. Wewe humsikii kwa sababu bado ni mdogo na anaelea kwenye maji. Kwa mimba ya kwanza, wengi husikia mtoto akicheza kati ya wiki ya 18 na 20, kwako ni kama 9 hadi 23 Aprili.

Kwa mama mkwe, mpe heshima yake lakini hizo tembe meza. Huku kwetu kandokando ya ziwa malaria haiishi, na vijidudu vyake vinaweza kujificha kwenye kondo la nyuma hata kama huna homa. Kondo ndilo linalopitisha chakula na hewa ya mtoto, likivamiwa anazaliwa na uzito mdogo. Tembe hizo, Fansidar, tunaanza kutoa wiki ya 13, si kabla, kisha kila baada ya wiki nne au zaidi, na unaimeza pale pale muuguzi akikuona. Ukiwa tayari unatumia Septrin, ile dawa ya kukinga maambukizi, kila siku, tuambie, kwa sababu hizo mbili hazichanganywi. Na neti ulalie kila usiku.

Tarehe ya kujifungua ni karibu 11 Septemba, na mtoto ana ruhusa ya kutangulia au kuchelewa kidogo. Kuanzia wiki ya 20 hivi nitakuwa nakupima tumbo kwa utepe kama wa fundi cherehani, na sentimita zitakaribiana na wiki. Kama mumeo atapata likizo, mlete siku hiyo, utepe aushike yeye.