Hekima ya Mungu si ya kufungia watu midomo

Swali la wiki iliyopita liliuliza: "Misibani tunasema kazi ya Mungu haina makosa. Je, maneno haya humfariji mfiwa, au humziba mdomo?" Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja hapa Mwanza, na utumishi huo umenikalisha chini ya maturubai ya misiba kwa miaka mingi. Jibu langu ni kwamba maneno yenyewe ni ya kweli, nayaamini kwa moyo wangu wote. Ninachokipinga ni namna tunavyoyatumia. Tunayaweka kinywani mwa mtu ambaye hajayasema mwenyewe, na mara nyingi tunayafunikia mambo ambayo hayana siri yoyote.

Nianze na imani yenyewe, asije mtu akadhani nataka kumpunguza Mungu. Akili zetu zina mpaka. Kitabu cha Mhubiri kinasema hatuijui njia ya upepo wala jinsi mifupa ya mtoto inavyokua tumboni mwa mama yake, na kwamba vivyo hivyo hatuijui kazi ya Mungu afanyaye mambo yote. Leo madaktari wanajua mengi kuhusu mifupa hiyo, na ultrasaundi inatuonyesha mpaka vidole, lakini hakuna anayeweza kumwambia mama mjamzito mwanawe ataishi miaka mingapi, atamzika nani, au atazikwa na nani. Augustino, askofu wa Hippo katika nchi tunayoiita leo Algeria, aliwahubiria waumini wake kwamba ukiona umemwelewa, basi uliyemwelewa si Mungu. Nakubaliana naye kabisa. Mungu ambaye mimi ninaweza kummaliza kwa maelezo hataweza kunibeba siku yangu ya kufa.

Sasa fungueni kitabu cha Ayubu, maana ndicho tunachokinukuu kuliko vyote penye jeneza.

Wengi hudhani kosa la rafiki za Ayubu lilikuwa kutoujua ukuu wa Mungu. Sivyo. Sofari Mnaamathi, katika sura ya 11, anahubiri mahubiri ambayo kanisa zima lingeitikia Amina: je, unaweza kuyavumbua mambo ya Mungu kwa kuyatafuta? Yako juu kuliko mbingu, yana kina kuliko kuzimu, ni mapana kuliko bahari. Hapo hakuna neno hata moja la uongo. Lakini mstari mmoja tu kabla ya hapo, Sofari huyo huyo amemwambia Ayubu kwamba Mungu amemtoza kidogo kuliko uovu wake ulivyostahili. Anasema Mungu hachunguziki, na papo hapo anasoma hukumu ya Mungu kana kwamba amelishika faili mkononi. Mpaka wa akili ya binadamu anamwekea Ayubu peke yake. Yeye anauruka.

Mwishoni Bwana anasema. Ni kweli anamwuliza Ayubu alikuwa wapi ilipowekwa misingi ya nchi. Anampitisha kwa mbuzi-mwitu wanaozaa majabalini, kwa mvua inayonyesha nchi isiyo na watu, kwa kiboko na mamba, wanyama ambao sisi wa kandokando ya ziwa hatuhitaji kusimuliwa. Ayubu anaweka mkono kinywani. Wahubiri wengi hufunga Biblia hapo, na mfiwa anaondoka akiwa amejifunza kwamba anyamaze. Naomba muendelee hadi sura ya 42, mstari wa 7. Bwana anamgeukia Elifazi na kumwambia kwamba hasira yake imewaka juu yake na rafiki zake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa katika habari zake kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Wanatakiwa kupeleka ng'ombe waume saba na kondoo waume saba, kisha Ayubu awaombee. Ayubu, yule aliyeilaani siku ya kuzaliwa kwake, aliyelalamika sura baada ya sura, aliyetaka kesi yake isikilizwe na Mungu mwenyewe! Na wale waliokuwa wakimtetea Mungu ndio wanaotakiwa kutoa sadaka ya kuteketezwa.

Jambo jingine ambalo huwa linanishika kila ninapokisoma kitabu hiki: sisi wasomaji tunajua kilichozungumzwa mbinguni katika sura mbili za mwanzo. Ayubu hakuambiwa, si katikati ya mateso wala baada yake. Sababu ilikuwepo na hakupewa. Alichopewa ni kuonana na Mungu. "Sasa jicho langu linakuona," ndivyo anavyosema, na hakudai zaidi.

Yako pia yale maneno ya Isaya 55, "mawazo yangu si mawazo yenu", tunayoyasoma makaburini. Rudini mstari mmoja nyuma mwone yanatoka wapi. Nabii anamwita mtu mbaya aiache njia yake, amrudie Bwana, naye atamrehemu, atamsamehe kabisa. Kinachotuzidi kimo hapo ni msamaha wa Mungu. Na Paulo, anapopaza sauti katika Warumi 11 kwamba hukumu za Mungu hazichunguziki, ameanza hoja hiyo sura mbili nyuma kwa kukiri kwamba ana huzuni nyingi na maumivu yasiyokoma moyoni. Amehangaika na swali lake kwanza. Hakumwamuru mtu mwingine aruke mpaka kwenye sifa.

"Bwana alitoa, na Bwana ametwaa" ni maneno ya Ayubu mwenyewe, kuhusu watoto wake mwenyewe. Hakuna mgeni aliyekuja kumsomea. Nimewahi kumsikia mjane akiyasema mbele ya jeneza la mumewe, sauti haitikisiki, na nikainamisha kichwa kwa heshima, kwa sababu ule ulikuwa ushuhuda. Mimi nikimsomea yeye maneno hayo, huo si ushuhuda tena.

Nieleze msiba mmoja. Binti wa watu tunaoabudu nao alifariki akijifungua mtoto wake wa pili. Nyumbani pale wanawake walikuwa wamekaa mikekani, chai inachemka uani, vijana wanapokea michango na kuandika kwenye daftari. Mama mzazi wa marehemu alikuwa ameshika kadi ya kliniki. Kila aliyeinama kumpa pole alifunguliwa kadi ile. Mahudhurio yote yalikuwa yamejazwa, na kulikuwa na maandishi kwamba damu ya binti ilikuwa chini, akajifungulie hospitali kubwa. Siku ya uchungu gari la wagonjwa lilichelewa mno, na lilipofika muda ulikuwa umekwisha. Mama yule hakuwa akipiga kelele. Alikuwa akionyesha kwa kidole: hapa wameandika, na hapa. Mmoja wetu, kwa nia njema kabisa, akaichukua kadi mkononi mwake, akaikunja, akaiweka chini ya mto, akamwambia, "Mama, achana na hayo. Kazi ya Mungu haina makosa." Mama akamtazama, akasema, "Na kazi ya watu je?"

Hakujibiwa. Mchungaji alianzisha wimbo.

Kwa maoni yangu mama yule alikuwa karibu na Maandiko kuliko sisi tuliokuwa na Biblia kwapani. Kumbukumbu la Torati 29:29 linagawa mambo mawili waziwazi: "Mambo ya siri ni ya Bwana, Mungu wetu, lakini mambo yaliyofunuliwa ni yetu sisi na watoto wetu milele." Kwa nini Mungu alimruhusu binti yule aondoke akiwa na umri ule, hilo ni la siri, na mama anaweza kulipeleka kwa Mungu kwa machozi mpaka siku watakapoonana. Kwa nini gari lilichelewa, hilo si la siri. Ni letu. Kulipaka jina la Mungu ni kumsingizia.

Sisi wa kanda ya ziwa tuna sababu ya kulishika hili kuliko wengine. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza, ikiwa imebeba watu kupita kiasi, na mamia wakafa. Wengi wao wamezikwa Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichojengwa kubeba watu 101, kilipinduka kikikaribia gati la kisiwa cha Ukara, na waliokufa walizidi 220. Kwa nini mtu mmoja alikikosa kivuko akabaki hai, na jirani yake akakiwahi akafa? Sijui, wala sitajua nikiwa upande huu wa kaburi. Yeyote atakayeniambia anajua, nitamkumbusha Sofari. Yesu mwenyewe alipowataja wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kusema kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Lakini kwa nini kivuko kilipinduka, hilo halikuhitaji ufunuo. Kuhesabu watu wanaopanda kunahitaji kidole tu.

Sheria ya Musa ina agizo dogo ambalo hatulihubiri: ukijenga nyumba mpya, weka ukuta wa kuzuia juu ya dari, usije ukaleta damu juu ya nyumba yako mtu akianguka. Mungu aliyejua tangu milele nani ataanguka ndiye aliyeagiza ukuta ujengwe. Hakusema kwamba kwa kuwa siku za mtu zimeandikwa, basi ukuta hauna kazi. Ndiyo maana siwaelewi ndugu wanaosema kwamba kudai maelezo baada ya ajali ni kukosa imani.

Kuna watakaoniambia kwamba mfiwa akifunguliwa mlango wa kuuliza, ataishia kumkufuru Mungu. Nimelifikiria hilo na sioni Yesu akiliogopa. Alipofika Bethania siku ya nne baada ya Lazaro kuzikwa, Martha alimwambia usoni, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Mariamu akaja na lawama hiyo hiyo. Yeye peke yake katika umati ule ndiye aliyekuwa na haki ya kusema kazi ya Mungu haina makosa, kwa kuwa alijua atakachokifanya pale kaburini muda mfupi baadaye. Hakusema. Alilia machozi. Jambo hili linanishangaza zaidi ya mvua ya jangwani na misingi ya nchi: aliyejua yote hakuutumia ujuzi wake kuwanyamazisha dada wawili waliofiwa. Na huyo ambaye Paulo anamwita hekima ya Mungu, alipotundikwa msalabani, aliuliza "mbona" kwa sauti kuu, kwa maneno ya Zaburi ya 22. Kama yeye aliuliza, sina ujasiri wa kumkataza mama aliyeshika kadi ya kliniki.

Kwa hiyo nawaomba wachungaji na wazee wenzangu mambo machache. Siku ya kwanza tufanye walichofanya rafiki za Ayubu kabla hawajaharibu: walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila kumwambia neno. Pole inatosha, na vyombo vya kuosha vipo. Ibada ya mazishi ikifika, tusome Zaburi ya 13, "Ee Bwana, hata lini", kabla ya kusoma Isaya, ili mfiwa asikie kwamba swali lake limo ndani ya Biblia. Tukitaka kuhubiri kwamba Mungu hachunguziki, tujihubirie sisi tulioshika kipaza sauti, tusije tukataja sababu ambayo hatukuambiwa. Na pale ambapo kifo kimetokana na uzembe wa watu, matanga yakiisha, wawili au watatu kati yetu wamsindikize mfiwa ofisini kunakohusika, na karatasi zake mkononi, akaulize kwa utaratibu na ajibiwe kwa maandishi. Familia niliyoitaja ilisindikizwa hivyo, kadi ikiwa ndani ya bahasha, na maelezo yao yamepokelewa na kugongwa muhuri. Wanasubiri majibu, na Jumapili bado wanakaa benchi lile lile la tatu.