Jibu: Kwa nini kaka anakula na wazazi, dada anatengewa meza?

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini mwenzako wa kazini aliyeacha jamii ya Waamishi, Wakristo wa Marekani wanaojitenga na mambo mengi ya kisasa, bado anakaa meza moja na wazazi wake, ilhali dada yake, aliyeondoka pia, anawekewa meza ya pembeni.

Uliza kwanza: nani kati yao alibatizwa? Waamishi hawabatizi watoto wachanga. Kijana huamua mwenyewe, mara nyingi akiwa na miaka 18 hadi 22, baada ya kufundishwa Ungamo la Dordrecht, tamko la imani la mwaka 1632 wanalolifuata. Hupiga magoti mbele ya kanisa na kuahidi kushika Ordnung, yaani kanuni za kanisa lake. Anayeondoka kabla ya hapo hajavunja ahadi. Wazazi wataumia, lakini hatengwi. Aliyebatizwa akiondoka, hatakiwi kula nao meza moja, na wengi hawapokei kitu mkononi mwake.

Nimefanya kazi na mafundi seremala wa Kiamishi hapa Lancaster, Pennsylvania, na naomba usimhukumu mama yao haraka. Kwao kutenga ni kumwita mtu arudi. Akitubu mbele ya kanisa, anapokelewa. Hilo halipunguzi uchungu wa binti, najua. Ukali nao hutofautiana kanisa hadi kanisa, hata ndani ya kaunti moja.

Ukitaka kumsaidia dada, anzia kwenye nyaraka na masomo: Waamishi wengi hawana namba ya hifadhi ya jamii, ambayo Marekani huhitajika kwenye ajira, na shule yao huishia darasa la 8, jambo ambalo Mahakama ya Juu ya Marekani iliwaruhusu mwaka 1972.